Kubadili bati wakati juu kuna sola: nyumba ya Mwalimu pale Uyole na hela zilivyotembea

Simu iliingia Februari 2025, mvua imeshika tangu saa tisa mchana na haina dalili ya kukata. Mwalimu hata salamu hakungoja, alisema tu "mwanangu, njoo uone chumbani kwangu, dari linatoa maji." Ni mama mstaafu, kafundisha shule ya msingi miaka mingi, anakaa Uyole hapa Mbeya, juu kidogo ya njia panda ya kwenda Tukuyu, na sola yake niliifunga mimi mwenyewe Oktoba 2023. Nikavaa koti nikapanda bodaboda. Nikakuta beseni juu ya kitanda, ndoo mbili koridoni, na kwenye jipsamu kuna duara la rangi ya chai, ukubwa wa sinia, katikati limevimba linaning'inia. Lile duara lilikuwa chini kabisa ya mguu mmoja wa reli za kushikia paneli niliofunga mimi. Sikuhitaji mtu aniambie.

Naandika kisa chote na hela zake kwa sababu wateja wananiuliza kila wiki, "fundi, bati zangu zimechoka, nikifunga sola sa hivi alafu bati nibadili baadaye itakuwaje?" Jibu la mdomo halitoshi, bora mtu aone namba. Mwalimu karuhusu nisimulie, jina lake nimeliacha.

Nyumba ilijengwa 2009, vyumba vitatu, paa la migongo miwili la kawaida, halina makona wala veli (yale mabonde migongo ya paa inapokutana), na hilo lilikuja kumsaidia sana kwenye gharama. Bati ni geji 32, zile nyembamba, zimepigwa misumari, ndo alichomudu kwa mshahara wa ualimu wakati ule. Kwa asiyejua, namba ya geji ikiwa kubwa bati ni jembamba, kwahiyo 28 ni nene kuliko 30 na 30 ni nene kuliko 32, wengi wanageuza hapo na wauza vifaa wengine hawahangaiki kuwarekebisha.

Mgao wa 2023 mnaukumbuka. Mwalimu anafuga vifaranga, na usiku wa Mbeya balbu za joto zikizima saa saba, asubuhi unaokota tu waliokufa. Mwanae wa Dar akachangia, wakanipa karibu milioni 7, nikafunga paneli sita za wati 550, inveta haibridi na betri ya lithiamu ya kilowati-saa 5. Paneli nikaweka mgongo wa kaskazini, maana sisi huku tuko kusini ya ikweta kama nyuzi 9 hivi, jua la mwaka mzima linapiga zaidi upande huo. Mfumo ulifanya kazi vizuri, hilo sina shaka nalo hata leo. Kilichokuwa kibovu ni kile nilichousimamishia.

Nilipopanda juu siku ile ya kufunga, bati lilibonyea chini ya kiatu, na vichwa vya misumari vilishaanza kuzungukwa na kutu. Niliona, nikaendelea kuchimba matundu. Wateja walikuwa foleni, kila mtu anataka sola jana, na mimi sikumuuliza Mwalimu swali dogo tu la bati zina miaka mingapi. Zilikuwa na 14. Paneli zinauzwa na waranti ya uzalishaji ya miaka 25, sasa unawekaje kitu cha miaka 25 juu ya kitu ambacho kimebakiza miwili mitatu, lazima kuna siku utakishusha, na kukishusha kuna bei.

Kuna mambo matatu niliyagundua baadaye nilipofungua, na yote ni kazi ya mikono yangu. La kwanza, miguu ya reli mingine niliipiga kwenye bonde la bati badala ya mgongoni, na bonde ndo njia ya maji, kwahiyo mpira wa skrubu ulikuwa unakaa ndani ya maji masika yote, na skrubu tatu hazikushika papi kabisa, yaani mbao za chini ya bati, zilishika bati tupu. Upepo ukinyanyua paneli kidogo, skrubu inacheza, tundu linapanuka. La pili, zile chenga za chuma zinazotoka kwenye drili, sikuzifagia. Chenga ikilala juu ya bati ikapata umande inaota kutu usiku uleule, na kutu inaingia kwenye bati lenyewe. Nilikuta madoa kama pilipili manga yametapakaa kuzunguka kila mguu, ukigusa kwa ncha ya bisibisi inatokea upande wa pili.

La tatu ndo lililoniuma zaidi, maana nimefundishwa na bado nilifanya. Waya wa arthi nilioutumia ulikuwa wa kopa uliochunwa, nikaulaza moja kwa moja juu ya bati hadi ukingoni. Kopa na zinki havikai pamoja kwenye maji, kopa inabaki salama, zinki ndo inaliwa. Ulikuwepo mstari mwekundu wa kutu kuanzia kwenye fremu ya paneli hadi kwenye gata, umenyooka kama umechorwa na rula, unafuata waya kila unapopinda.

Kabla ya Februari hiyo bati lilishavuja kidogo, Machi 2024, akaita fundi wa mtaani akapaka lami, akalipa elfu 60. Mimi naye nikaziba tena siku ile ya simu, bure, nikamwambia "Mwalimu, hii itatuvusha hadi mvua ziishe, baada ya hapo tukae tuongee." Tulikaa Juni, kwenye baraza yake, yeye kajifunga shuka maana baridi ya Juni inajulikana, na mwanae yuko kwenye simu tumeweka spika.

Mwalimu alitaka kubadili mgongo wa kaskazini peke yake. Hoja yake ilikuwa na uzito, kusini hakuvuji na bati za upande mmoja ni karibu milioni 1.4. Mwanae akataka zote. Mimi nikatoa wazo la tatu, tuezeke upya, ila paneli tuziweke chini uani kwenye stendi ya chuma, zisirudi juu tena. Nikapiga hesabu ya vyuma, kuchomelea na zege kidogo ikaja kama laki 7, na uani kuna miparachichi miwili mikubwa inayotia kivuli kuanzia saa nane mchana. Mwalimu akaniangalia akasema "baba, hiyo miparachichi inanipa hela ya krismasi kila mwaka, siikati. Na paneli zikikaa chini, nani atazilinda usiku?" Wazo likafa hapo, na naona alikuwa sahihi.

Kuhusu nusu paa, nilipanda upande wa kusini na fundi paa tukang'oa misumari sita mahali tofauti. Minne ilitoka kwa vidole. Bati ni za siku moja, geji moja, misumari ileile, tofauti ni kwamba kusini hakukuwa na matundu yangu wala waya wangu. Ukiacha upande huo unanunua miaka miwili labda mitatu, alafu unamwita tena fundi, unalipa tena gari, unafungua tena kofia ya juu ya paa. Hapo hata Mwalimu akakubali, akasema sawa lakini nipeni hadi Septemba nikope SACCOS. Septemba ilitufaa, ni kukavu, mvua za kwanza huku ni Novemba. Tatizo lake mafundi paa wazuri wanashikwa wote kipindi hicho, ukichelewa kuongea nao tangu Agosti unaangukia kwa yeyote aliyebaki.

Kazi ilichukua siku tano. Siku ya kwanza ilikuwa yangu, kushusha.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu mafundi paa wengi wanaziona paneli kama bati lingine tu la kuinua na kuweka pembeni. Paneli hazina swichi. Jua likiwepo zinatoa umeme, utake usitake. Sita zimeungwa mfululizo, kila moja inatoa karibu volti 49.5 bila mzigo, jumla 297, na asubuhi ya baridi inapanda zaidi maana paneli ikipoa volti zinaongezeka. Saa moja na nusu asubuhi, baridi bado, jua ndo linaanza kugusa paa, mita yangu ilisoma 308. Hizo ni volti za DC, umeme wa mkondo mnyoofu kama wa betri, ukichomoa soketi wakati mkondo unapita unapata mwali ambao haukatiki wenyewe, unaendelea kuwaka katikati ya mikono yako. Kwahiyo nilianza kwa kuzima mizigo ndani, nikashusha breka ya DC upande wa paneli, nikapima kwa klempu mita mpaka nikaona sifuri ampia, ndo nikapanda juu nikafunika paneli zote kwa turubai na kufungua soketi ya kwanza ya MC4, zile za kuungia nyaya za paneli. Ya kwanza ikishatoka mnyororo umekatika, ila kila paneli bado ina volti zake, kwahiyo kila mdomo wa soketi ulivalishwa kifuniko. Nyuma ya kila paneli nikaandika namba kwa maka peni, moja hadi sita, na kila kiungo nikakipiga picha.

Inveta na betri hatukugusa. Watu wengi wanadhani paneli zikishuka nyumba inarudi gizani, hapana, inveta haibridi inachaji betri kwa umeme wa TANESCO pia, unabadili mpangilio mmoja tu. Mwalimu akaongeza LUKU ya elfu 20, vifaranga wakapata joto siku zote tano. Wa kwanza kuniuliza hilo alikuwa yeye, kabla hata ya kuuliza bei.

Paneli moja inakaribia kilo 28, ni ya watu wawili, inashuka kwa kamba na ngazi mbili, na hairuhusiwi mtu kukanyaga kioo hata akivua viatu, unaweza usione ufa lakini seli ndani zimeshapasuka. Tano zilishuka salama zikawekwa chumba cha stoo, zimesimama wima na maboksi katikati. Ya sita kijana wangu aliiegemeza ukutani nje akasema namalizia kunywa maji. Upepo wa mchana wa Septemba hauchezewi huku, ukapita mara moja tu, paneli ikaanguka kifudifudi kwenye kokoto. Ilikuwa imebaki fremu, kioo kizima kimekuwa utando wa buibui. Kijana alikaa chini akashika kichwa. Sikumkata hela yake, ila ile paneli nililipa mimi, elfu 230, na haistahili kuwa deni la Mwalimu kwa namna yoyote ile.

Kuipata mbadala nayo si kwenda dukani kusema nipe ya 550. Paneli zikiungwa mfululizo, mkondo wa wote unafuata ile dhaifu kuliko zote, kwahiyo mpya lazima ampia zake zilingane au zizidi kidogo. Ya kwanza niliyoonyeshwa Mwanjelwa ilikuwa na wati nyingi kuliko za Mwalimu, lakini nilipogeuza nyuma kusoma kibandiko ampia zilikuwa pungufu, ingezivuta zote tano chini. Nikaiacha, nikapata nyingine duka la tatu.

Siku ya pili fundi paa na vijana wake wakaezua. Bati zilipotoka ndo tukaona papi. Chini ya mgongo wa kaskazini, pale kwenye mguu ule wa juu ya kitanda, niliweka kidole gumba kwenye papi kikaingia hadi kwenye kucha. Mbao ilikuwa nyeusi, laini, inanuka uyoga. Papi 22 zikatolewa, na miti miwili ya kenchi ilikuwa imeanza kuliwa ikabidi iongezewe mbao za 2 kwa 4 pembeni. Tulichukua mbao za paini zilizopigwa dawa, zile zinazotoka upande wa Mafinga, na hapo tukaongeza papi nne za ziada ambazo Mwalimu hakuzielewa mwanzoni. Ni hivi, reli za paneli zinalala upande uleule papi zinapolala, kwahiyo kabla bati halijafunika nikapima reli mbili zitapita wapi, mita 7 kila moja, fundi paa akaweka papi maalum chini ya kila mstari. Skrubu yangu sasa haitafuti mbao kwa kubahatisha. Papi nne ni elfu 26. Kwenye hela yote iliyotumika pale sijaona iliyotumika vizuri kuliko hiyo.

Sasa bei, na ni za Mbeya, Septemba 2025, mwenye kusoma baadaye aulize upya. Bati za msauzi geji 28 za rangi, zimekatwa kiwandani urefu wa mita 5.8 kila moja ili zitoke kofia hadi gata bila kuunga. Paa lina urefu wa mita 12, bati moja linafunika kama sentimita 70, kwahiyo bati 18 kila upande, 36 jumla, karibu mita 209. Mita moja ilikuwa 13,500, ikaja 2,821,500. Kofia tano elfu 90, skrubu za bati pakiti kumi laki na elfu 20, papi zote 26 kwa 6,500 ni 169,000, mbao za kenchi elfu 40, gari elfu 80. Fundi paa na vijana wake, kuezua na kuezeka, 750,000. Lingekuwa paa la makona manne lenye veli mbili tatu angetaka zaidi ya milioni, na bati zingepotea nyingi kwenye kukata. Jipsamu ya vyumba viwili na rangi 260,000. Upande wa paa peke yake 4,330,500.

Upande wa sola, bei yangu ya kawaida ni elfu 25 kushusha paneli moja na elfu 40 kuirudisha, kwa sita ni 390,000. Miguu mipya ya reli 14 yenye mpira, elfu 84. Klempu nane za kubana paneli elfu 28, za zamani zilikwama zikakatika. Soketi mpya jozi tatu elfu 15. Kebo ya DC mita 20 elfu 90, kwa sababu ya zamani ililala juu ya bati la moto miaka miwili ganda likakakamaa. Waya wa arthi, safari hii wenye ganda na ndani ya bomba, elfu 45. Jumla 652,000, ukiongeza na ile paneli 230,000 inakuwa 882,000.

Zote pamoja 5,212,500. Maana yake katika kila shilingi sita, karibu moja imeenda si kwa sababu ya paa bali kwa sababu juu ya paa kulikuwa na sola. Mwalimu mwenyewe alilipa 4,712,500, maana mbali na paneli, kwenye ufundi nilichukua 120,000 tu ya vijana, 270,000 yangu sikuichukua. Mwanae alisisitiza nikakataa, na simwambii fundi mwingine afanye hivyo kama kosa si lake, ila matundu yale yalikuwa yangu.

Tungeanza na bati 2023, asingetoa hata senti ya ile 652,000, jipsamu isingeharibika, na fundi wa lami asingelipwa. Laki 9 na zaidi, ukihesabu na ile 270,000 niliyoiacha, bila paneli iliyovunjika. Kwa mtu wa pensheni hiyo ni hela ya chakula cha kuku miezi mingi. Na kitu kinachonikera hadi leo ni kwamba 2023 angeweza kusubiri, angefunga paneli mbili na betri ndogo za kuvusha vifaranga, bati akaezeka Juni, alafu mfumo mkubwa ukafuata. Hakuna aliyempa hilo wazo, na aliyepaswa kumpa ni mimi. Sasa hivi sitoi bei ya sola kabla sijapanda juu na kung'oa misumari miwili mitatu mbele ya mwenye nyumba, aione mwenyewe. Kuna wateja wawili Iyunga wamekasirika wakaenda kwa fundi mwingine, sawa.

Kurudisha paneli ilikuwa siku ya tano. Miguu yote mgongoni mwa bati, skrubu ndefu hadi kwenye papi, drili ikisimama tu kijana anapita na brashi laini na beseni la chenga, hata mahali pasipoonekana. Tukaacha nafasi ya kupitisha mkono kati ya paneli na bati, majani ya miparachichi yasijibane pale na kushika unyevu. Bati za zamani 14 zilizokuwa na nafuu zikaenda kuezeka banda la kuku, nyingine akauza chuma chakavu akapata elfu 70. Jioni nikawasha, inveta ikasoma volti za paneli zote sita, Mwalimu akasema "ndaga fijo, mwanangu", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akanifungia parachichi kwenye mfuko.

Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha Novemba, na ya mawe juu yake. Kesho yake niliingia darini na tochi bila kuitwa. Chini ya reli kote kulikuwa kukavu, papi zile nne hazina hata alama. Tone moja nililipata kwenye kofia, mwisho wa upande wa magharibi, skrubu ilikazwa kupita kiasi mpira ukapasuka. Fundi paa alikuja Jumamosi akaibadili.